Programu ya kichefuchefu cha safari: kiti kwanza, simu baadaye

Kijiwe kilikuwa kimya kidogo, majaribio na asaimenti zilinibana, si mnajua mambo ya chuo. Leo nimekuja na mada ambayo najua kuna watakaocheka. Chekeni, ila msome kwanza mpaka mwisho. Mada yenyewe ni hii: kati ya hizi programu za simu zinazodai kuzuia kichefuchefu cha safari, mtu achague ipi? Na je, kuna ulazima wa kuchagua?

Swali limezaliwa hosteli wiki hii. Sisi wa ualimu tunakaribia kuchagua mikoa ya kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu. Kuna dada mmoja wa mwaka wa pili, mtoto wa Mara kama mimi, ametangaza kwamba hachagui nyumbani. Kwao anakupenda sana, na hesabu zote zinamwambia arudi: angelala bure, angekula kwa mama, na bumu lingebaki mfukoni. Shule za kwetu nazo zinahitaji walimu, hilo hakuna wa kubisha. Anachoogopa ni basi. Kila akisafiri anatapika kuanzia nusu ya kwanza ya njia, anafika amelegea kama mgonjwa wa malaria, na siku mbili hali kitu. Sasa amesikia kuna programu ya simu inayotibu hayo mambo, akaja kuniuliza ipi ni nzuri, kwa sababu eti mimi ndiye fundi wa simu wa korido yetu.

Kwa hiyo msione ni mzaha. Hapa kuna mtu anataka kupanga sehemu ya masomo yake kwa kufuata tumbo. Na si yeye peke yake, nawajua wengine ambao likizo fupi hawaendi kwao kabisa, wanabaki hapa Dodoma kwa sababu hiyo hiyo, ila wanasema ni nauli.

Kwa wasioijua njia yetu, ngoja niwape ramani. Kwetu ni Kiabakari, wilaya ya Butiama, kwenye ile barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Kuja chuo unashuka Bunda, unapita Lamadi, unakata kwenda Bariadi na Maswa, unatokea Shinyanga, halafu Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke wenye kona zake, Singida, Manyoni, ndipo Dodoma. Ni siku nzima kwenye kiti. Mwenye tumbo la chuma analala tu akaamka Singida. Mwenzangu na mimi tunaijua kona moja moja.

Kabla ya kufika kwenye programu, nimalize kwanza hili la ushamba. Kwenye basi ukitapika utasikia tu sauti huko nyuma: "huyo hajazoea gari", "wa kijijini huyo". Jamani, tuko chuo kikuu, hebu tuongee kisomi kidogo. Ndani ya sikio, kule ndani kabisa, kuna kiungo cha mizani. Kina mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi mzunguko, na vijiwe vidogo sana vinavyohisi mwendo wa kwenda mbele, kurudi nyuma, kupanda na kushuka. Gari likikata kona, sikio linaripoti kwenye ubongo: tunatembea. Wakati huo huo macho yako yako kwenye simu, au kwenye mgongo wa kiti cha mbele, nayo yanaripoti: tumekaa tuli. Ubongo unapata taarifa mbili zisizolingana. Wataalamu wawili wa Uingereza, Reason na Brand, waliandika kitabu kizima juu ya kichefuchefu cha safari mwaka 1975, na maelezo haya ya mgongano wa taarifa ndiyo mpaka leo yanayokubalika zaidi.

Sasa angalieni hili. Watu ambao kiungo hicho cha sikio hakifanyi kazi kabisa hawapati kichefuchefu cha safari. Mambo ya masikio ya namna hiyo yalianza kuchunguzwa zamani, William James wa Harvard aliandika kuhusu viziwi na kizunguzungu mwaka 1882. Maana yake ni nini? Ni kwamba ukitapika kwenye basi, hiyo ni dalili kwamba sikio lako ni zima na linafanya kazi yake. Mchunguzi mashuhuri Charles Darwin alizunguka dunia na meli ya Beagle kuanzia mwaka 1831 mpaka 1836, na bahari ilimsumbua safari yote. Naye alikuwa mshamba? Ndugu zetu wa Pwani wana neno zuri kwa hali hiyo, wanasema mtu amelewa bahari, na anayevuka mkondo wa Nungwi kwenda Pemba upepo ukiwa mkali hachekwi na mtu. Sijui kwa nini sisi wa bara tumeifanya iwe aibu.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kwa sababu ulifanyika kwenye mabasi, si maabara. Turner na Griffin, Uingereza, mwaka 1999. Waliwahoji abiria 3,256 wa mabasi ya safari za barabarani. Asilimia 28.4 walisema walijisikia vibaya njiani, asilimia 12.8 walipata kichefuchefu, na asilimia 1.7 walitapika. Hao ni Waingereza, kwenye barabara za lami za kwao, waliozaliwa wakakuta magari. Zaidi ya robo! Kwa hiyo wale wa "hajazoea gari" naomba wakae kimya.

Lakini kilichonifurahisha kwenye utafiti ule si hizo asilimia. Waligundua kwamba abiria ambao hawakuweza kuona barabara ya mbele waliugua kama mara tatu zaidi ya wale walioiona vizuri sana. Mara tatu! Si dawa wala kifaa kilicholeta tofauti hiyo, ni kuona tu gari linakokwenda. Ndiyo sababu dereva huwa hatapiki hata kwenye kona za Sekenke. Yeye kona anaiona kabla haijafika, na mwili unajiandaa.

Hapo ndipo msimamo wangu unapoanzia, na nausema wazi: kabla hujachagua programu, chagua kiti. Unapokata tiketi usiseme tu "nipe siti yoyote". Omba dirishani, upande wa mbele, na usikubali kiti cha nyuma ya matairi ya nyuma, maana kule basi linarusha zaidi. Kama unakata tiketi kwa simu, mara nyingi utaonyeshwa mchoro wa viti, ni bure kuutazama. Kata mapema, kwa sababu viti vya mbele vinaisha kwanza, hasa siku ambazo vyuo vinafunga. Ukishakaa, tazama mbali. Kati ya Bunda na Lamadi una bahati ya pekee: kushoto ni mbuga za Serengeti upande wa Ndabaka, kulia ziwa haliko mbali, na mbele nchi imefunguka mpaka upeo wa macho. Kuutazama upeo ule ni tiba, na haujaomba bando.

Haya, tuje kwenye simu sasa. Nimezipitia hizi programu, na naona zinaangukia kwenye makundi manne. Ukijua makundi hutadanganywa na picha nzuri za dukani.

Kundi la kwanza ni zile zinazochora kitu kwenye kioo cha simu kinachotembea pamoja na gari. Kwenye iPhone kitu hicho kimo ndani ya simu yenyewe. Apple walikitangaza Mei 2024, kikaja na iOS 18 mwaka huo huo. Ni vidoti vidogo pembeni mwa kioo. Gari likikata kona vidoti vinateleza, likifunga breki navyo vinasogea. Unakiwasha kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, chini ya mwendo, na unaweza kuiachia simu ikiwashe yenyewe ikihisi uko garini. Kwa sisi wa Android kuna programu inaitwa KineStop, ya watengenezaji Urbandroid, inayofanya kazi inayofanana na hiyo: inachora alama juu ya chochote unachosoma, zinazofuata mwendo wa gari. Mantiki yake ni ile ile ya sikio na macho. Sikio linasema tunakata kona, na sasa pembeni mwa macho kuna kitu nacho kinasema tunakata kona. Ugomvi unapungua.

Kundi la pili ni la sauti. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walitoa kazi yao juu ya mlio mzito wa herzi 100, kwamba kuusikiliza kwa dakika moja kunachangamsha kiungo cha mizani ndani ya sikio na kupunguza kichefuchefu. Walijaribu kwa bembea, kwa mashine ya kuigiza uendeshaji, na kwa gari lenyewe. Ni habari ya kuvutia, sikatai. Ila tangu hapo kila mwenye uwezo wa kurekodi mlio amejitangaza mganga. Na kuna jambo la kifundi hapa: spika ndogo ya simu haiwezi kutoa mlio mzito wa namna hiyo ipasavyo. Utasikia kitu kama nzi kwenye chupa. Unahitaji spika za masikioni zilizo nzuri, na kwenye basi lenye muziki wa konda mpaka Shinyanga, utaongeza sauti mpaka uumize masikio. Kwa hiyo kundi hili mimi nasema tusubiri kidogo, tafiti zaidi zije.

Kundi la tatu ni la kupumua na kutulia. Inakuonyesha duara linapanuka, unavuta pumzi, linasinyaa, unatoa. Kupumua taratibu kunasaidia baadhi ya watu, na hilo limepimwa. Muziki unaoupenda nao pia. Lakini jamani, unalipia programu ikufundishe kupumua? Na tena inakulazimisha utazame duara kwenye simu, yaani ufanye kile kile kinachokuumiza! Fumba macho, vuta pumzi ukihesabu mpaka nne, toa ukihesabu mpaka sita. Nimekupa bure.

Kundi la nne ni la mazoezi ya kabla ya safari. Hapa kuna kitu cha maana ambacho watu hawakijui. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick walionyesha kwamba watu waliofanya mazoezi ya akili ya kugeuza maumbo kichwani, dakika 15 kwa siku kwa wiki mbili, walipunguza kichefuchefu kwa zaidi ya nusu. Mazoezi yenyewe yalifanyika kwa kalamu na karatasi! Ni yale maswali ya "umbo hili likigeuzwa litaonekanaje", kunja karatasi, zungusha boksi. Mwalimu wa hisabati anayaandaa jioni moja. Kwangu mimi hili ndilo kundi linalostahili wiki mbili zako kabla ya TP, na halihitaji simu yenye jina.

Mnaona ninakoelekea? Kundi la kwanza ndilo lenye hoja ya kweli kwa ndani ya basi, lakini someni vizuri linaahidi nini. Vidoti vile vilitengenezwa ili mtu aweze kutazama simu akiwa garini bila kuumwa sana. Havikutengenezwa kumponya mtu anayeumwa hata akiwa ameiweka simu mfukoni. Ni vitu viwili tofauti. Kama huna ulazima wa kutazama kioo, programu bora ni kuizima simu na kutazama nje. Kama unao ulazima, mathalani una notsi za kupitia kwa sababu jaribio ni kesho yake asubuhi, basi vidoti vina kazi. Mtu akiweka vidoti halafu akaangalia filamu kutoka Bunda mpaka Singida, anajitafutia, hata vidoti viwe vya dhahabu.

Mimi mwenyewe nimejaribu KineStop likizo iliyopita, kwenye hiace ya Kiabakari kwenda Musoma. Bila alama zile, kurasa mbili tatu za notsi zinanitosha, mate yanaanza kujaa mdomoni. Nikiwa nazo nilisoma muda mrefu zaidi kabla ya dalili kuanza, ila dalili zilianza. Hiyo ni simu yangu na tumbo langu, usiifanye sheria. Ndiyo maana nasema kila mtu ajaribu kwenye safari fupi kwanza. Nyumbani pale una Kiabakari hadi Musoma, una Kiabakari hadi Bunda. Ukishindwa unashuka, unakaa chini ya mti, unanunua maji, maisha yanaendelea. Usiende kujaribia kwenye basi la siku nzima, ukiwa kiti cha kati na mtoto wa watu kalala begani kwako.

Kwa atakayeamua kuweka programu, haya ndiyo maswali yangu manne.

Moja, simu yako ina vihisi vinavyotakiwa? Programu za vidoti zinategemea kihisi cha mchapuko, kile kinachofanya kioo kigeuke ukilaza simu, na zinakuwa nzuri zaidi kukiwa na jairoskopu. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu. Kipimo rahisi: fungua video ya nyuzi 360 kwenye YouTube, zungusha simu. Kama picha inazunguka pamoja na wewe, unayo. Kama imeganda mpaka uisukume kwa kidole, yaelekea huna, na hakuna programu itakayokuongezea.

Mbili, inafanya kazi bila mtandao? Kuna vipande vya njia ile ambavyo simu inatafuta mnara mpaka inachoka. Programu inayodai intaneti ili ichore vidoti haina sababu ya kuidai. Mwendo wa gari uko ndani ya gari.

Tatu, inaomba ruhusa gani? KineStop na wenzake wanahitaji ruhusa ya kuchora juu ya programu nyingine, hiyo inaeleweka, bila hiyo vidoti havionekani juu ya notsi zako. Lakini programu ya kichefuchefu inayotaka orodha ya majina yako, meseji zako na picha zako, ya nini? Tumeshaumizwa kwa njia hiyo. Mnakumbuka Novemba 2024, Benki Kuu ilivyozitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na kabla ya hapo watu walivyokuwa wakidhalilishwa kwa meseji kwa ndugu na jamaa kwa sababu waliruhusu majina yao yasomwe? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, ila sheria haitakubonyezea kitufe cha "kataa". Bonyeza mwenyewe.

Nne, inakula chaji kiasi gani? Kihisi kinafanya kazi muda wote na kioo kinawaka. Si kila basi lina pa kuchajia, na mengine tundu lipo ila umeme haupo. Ukifika stendi usiku simu imezima, utampigiaje mtu wa kukupokea? Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo kufika saa nane usiku si jambo la ajabu siku hizi. Chaji ya mwisho ni ya usalama wako, si ya vidoti.

Na hapo kwenye usiku niongeze neno. Kuna wanaosema usiku ndipo programu inafaa zaidi kwa sababu nje ni giza, hakuna upeo wa kutazama. Hoja ina ukweli kidogo. Lakini usiku una kitu bora zaidi: fumba macho. Macho yaliyofumbwa hayatoi taarifa ya kupingana na sikio. Kama una mwenzako wa kuchunga mizigo, lala.

Najua kuna atakayesema, "si umeze tu dawa, hayo maneno yote ya nini?" Dawa zipo na zinasaidia, sina ugomvi nazo. Promethazini, sinarizini, zinapatikana famasi. Ila zinamezwa kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika, na zinaleta usingizi mzito. Muulize mfamasia kwanza, hasa ukiwa mjamzito, au una dawa nyingine unazotumia. Na fikirieni binti anayesafiri peke yake, na begi lenye vyeti na kompyuta ya kuazima, amelala fofofo mpaka hajui ni Nzega au Igunga. Lile tangazo la "abiria chunga mzigo wako" halijaandikwa kwa ajili ya mtu aliyemeza promethazini. Kwa hiyo dawa nayo ina gharama yake, si lazima iwe jibu la kwanza.

Tangawizi? Mama mdogo wangu anaapa kwa tangawizi na ganda la limau. Wataalamu majibu yao kuhusu tangawizi yanatofautiana, lakini haina madhara kwa watu wengi na inauzwa sokoni kwa hela ndogo. Tafuna. Usipande basi na njaa, wala usishindilie chipsi mayai zenye mafuta pale basi linaposimama watu wachimbe dawa. Mkate mkavu, ndizi, maji kidogo kidogo. Na ubebe kopo lenye mfuniko au mfuko wa karatasi mgumu. Zamani konda alikuwa anagawa Rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usimtegemee. Kubeba kopo lako si uchuro, ni kujiheshimu, na jirani yako atakushukuru. Na ukifika, kesho yake bado unatapika na mwili una joto, ujue hilo si gari tena. Nenda zahanati upime.

Sasa nirudi kwa dada wa mwaka wa pili, maana ndiye aliyeuliza. Jibu langu kwake nimeshampa, na nalirudia hapa ili na wengine walipate. Dada, jaza nyumbani kwenye fomu. Kuanzia leo fanya maumbo ya karatasi dakika 15 kila jioni, nitakuchorea mimi. Kata tiketi mapema, dirishani, mbele. Kama simu yako ina jairoskopu weka programu ya vidoti, ya bure kwanza, uijaribu kwenye daladala ya hapa hapa mjini kabla ya kuilipia, na uifungue pale tu unapohitaji kusoma. Muda mwingine simu ikae ndani ya begi. Utatapika? Inawezekana, sikuahidi miujiza. Lakini kutapika mara moja Sekenke ni tofauti na kutapika tangu Lamadi, na vyovyote vile si sababu ya kuwanyima watoto wa Butiama mwalimu kwa wiki nane, wala ya kumnyima mama yako mtoto wake.

Na wewe mwenye tumbo la chuma, naye una kazi. Ukimwona mwenzako amebadilika rangi, acha kucheka, mpishe dirishani. Kiti chako cha dirishani kwa saa mbili kina nguvu kuliko programu zote nilizozitaja. Hakuna mtaalamu wa Nagoya wala wa Apple atakayekuja kumpisha mtu kwenye basi la Musoma. Tuko sisi tu.

Haya, nimesema mengi. Mlioshajaribu vidoti, nipeni uzoefu wenu: simu gani, njia gani, kiti gani, ikawaje? Na wale wa Bukoba na Mbeya mnaojua kona kuliko sisi, msininyime maarifa. Mie narudi kwenye asaimenti, kesho ni siku ya mwisho.

Nawasilisha.